Gardi Aliyeyashuku Maji Meupe

Katika miaka sita niliyokaa jirani naye pale Baraka, sikumwona hata mara moja akinywa maji kwa mtu. Alikuja kwetu, akavua viatu, akala bugali na samaki wa migebuka mpaka sahani ikabaki mifupa, akasifu mkono wa aliyepika. Maji yakiletwa alisema tu, "Aksanti, mama. Minakunywaka kwetu." Wasiomzoea walikasirika. Mama mkwe wangu alimwambia mume wangu, bila kupunguza sauti, "Ule mwanaume anafikiri tutamuroga."

Kazi yake ilikuwa ya garde sanitaire, yaani mtumishi wa afya aliyepita kijiji kwa kijiji akikagua visima, vyoo na mashimo ya takataka. Sote tulimwita Gardi. Katika miaka ile ya hamsini cheo chake kilikuwa chini ya muuguzi, na muuguzi alikuwa chini ya muganga, yaani daktari, na wote watatu walikuwa chini ya Mzungu yeyote aliyepita na lori. Lakini nikimkumbuka leo simwoni akiwa chini ya mtu. Namwona akishuka kilima juu ya baiskeli iliyokufa breki, kisigino kikiburuza vumbi, kofia ya kaki mkononi ili upepo usiichukue, akipiga kelele, "Bamama, mutoke njiani! Hii kitu haisimamake!"

Alikuwa na namna yake ya kuyatazama maji. Sisi tuliinama tuone kama yana udongo. Yakiwa meupe tulichota. Yeye hakuinama. Alisimama kando ya kijito akitazama kule yanakotoka: choo cha nani kiko juu, ng'ombe wanavukia wapi, nani anafulia nepi nyuma ya jiwe.

"Haya maji haikuanza hapa," alisema. "Tembea, tutaenda kuona fasi ilianzia."

Na ungetembea kweli. Siku moja ya Jumapili alimpandisha katekista wetu kwenye miamba na viatu vyake vya ibada, kwa sababu katekista alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba maji ya Mungu hayana ubaya. Walirudi baada ya saa nzima. Katekista hakueleza alichokiona huko juu, ila Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba anayetaka kuoga aoge chini ya kivuko, si juu yake.

Alikuwa mtu wa kupigia kelele wakubwa na kunong'ona na wagonjwa. Alimkaripia mnyampara mmoja mbele ya wake zake kwa sababu ya choo kisicho na mfuniko. Lakini ukiwa umelala na homa alikaa chini, mdomo karibu na sikio lako, akuulize mambo ya tumbo kama mtu anayeuliza siri, na siri ilibaki kwake.

Sitasema kwamba hakuwa na kasoro. Alituhubiria kuchemsha maji ilhali yeye mwenyewe hakujua kuwasha moto. Mke wake alikuwa akimfukuza jikoni kwa moshi aliousababisha. Paa la choo chake lilivuja mwaka mzima. Na kasiksi, ile pombe ya ndizi, aliipenda kupita kiasi. Mume wangu alimtega siku moja.

"Baba Gardi, na hii kasiksi, walichemsha?"

Akatazama kikombe, akafikiri sana. "Hii iko na Mungu yake," akasema, akamaliza.

Aliogopa mtumbwi. Mtu aliyefanya kazi kando ya ziwa Tanganyika, na alipaswa kufika vijiji vya Ubwari ambako karibu njia yote ni ya maji! Wavuvi walisimulia jinsi alivyolala chali ndani ya mtumbwi, macho yamefumbwa, mikono imeshika mbao mbili, akiuliza kila baada ya muda, "Tumefika?" Walimdanganya kwamba wamefika, wakiwa katikati ya ziwa, ili wacheke. Walicheka. Lakini wavuvi hao hao walisema pia kwamba hakukosa safari hata moja, na kwamba akishakanyaga mchanga wa Ubwari alikuwa Gardi yule yule, anaulizia vyoo kabla miguu haijaacha kutetemeka.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mlimani, kwa wafugaji wa nyanda za juu. Bibi mmoja mzee wa huko alimpokea kwa heshima kubwa na kumpa maziwa mabichi katika chombo cha mti. Gardi alimwomba, kupitia mkalimani, ayapashe moto kwanza. Kwao, kuchemsha maziwa kulimkausha ng'ombe, na kuyakataa kulimtukana mwenye ng'ombe. Gardi alimtazama bibi, akatazama chombo, akanywa yote. Alishuka mlima na tumbo lililomuuma siku tatu.

"Ile siku nilishindwa," alituambia. "Ule mama alinipenda. Ningefanya je?"

Miezi kadhaa baadaye habari zilishuka na wauza siagi: bibi yule, aliposikia kwamba mgeni wake aliugua, hakugusa desturi ya maziwa, lakini alianza kuchemsha maji ya kunywa ya wajukuu wake wote. Gardi alisimulia mwisho huo mara nyingi, na kila mara aliusimulia kama vile bibi ndiye aliyeshinda.

Mimi mwenyewe nilianza kumtii kwa sababu ya kutapika. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na miezi ile ya mwanzo hakuna kilichokaa tumboni. Alinikuta nimeinama nyuma ya nyumba.

"Binti, maji yako ya kunywa uchemshe. Ikishapoa, njo unywe. Ile yako peke yako, kama wengine hawataki."

"Na kuni, Baba Gardi? Kuni iko mbali."

"Najua iko mbali. Uchemshe tu."

Nikatenga chungu kidogo. Mama mkwe alikiita chungu cha bibi mkubwa. Wifi yangu, dada ya mume wangu, ambaye alirudi kwao kujifungua na mimba yake ilikuwa imetangulia yangu kidogo, alikuwa akinicheka bila ubaya. Tulipendana. Tulikuwa tukipimana matumbo kwa kamba ya nyavu, tuone la nani limekua.

Kiangazi cha mwaka ule kijito chetu kilikauka karibu chote. Juu yake palikuwa na kampi ya wajenzi wa barabara, kampuni ndogo ambayo haipo tena. Kampi ilikuwa na mashimo makubwa ya saruji yaliyopokea maji ya vyoo na ya kuogea. Maji yalilala humo, uchafu ukazama, yakapita kwenye mchanga, mwisho yakatiwa dawa ya unga yenye harufu kali, kisha yakatoka kwa bomba na kumwagika kijitoni. Yalitoka meupe kabisa. Kiangazi hicho mahali pekee karibu palipokuwa na maji yanayotiririka palikuwa chini ya bomba lile. Wanawake wa mtaa wetu walichota hapo na kufurahi kwamba safari ya ziwani imewaepuka.

Gardi aliweka matawi ya miiba. Watu waliyaondoa. Akaweka tena.

"Baba Gardi, maji iko meupe!" wanawake walimlalamikia. "Na Mzungu anaweka dawa!"

"Naona iko meupe," alijibu. "Hiyo njo inaniogopesha."

Kisha wakaanza kuugua. Mvuvi mmoja, halafu dada zake, halafu nyumba baada ya nyumba: uchovu, kichefuchefu, mkojo mweusi kama chai, na macho ya manjano. Wengi walilala wiki kadhaa wakapona. Wifi yangu hakupona. Alipelekwa zahanati siku ya Jumatano akiwa bado anatutambua, na Ijumaa tulimrudisha amefunikwa, na mtoto wake hakuzaliwa.

Nilimlilia kama ndugu wa tumbo moja. Lakini msibani niliona wanawake wakiacha nafasi pande zangu zote mbili. Siku ya tatu mama mkwe alisema mbele ya wazee wa ukoo kile kilichokuwa kikinong'onwa.

"Mimba mbili ndani ya nyumba moja. Moja imekwenda, ingine inanenepa. Na huyu ana chungu yake, hapana kugusa. Ndani ya chungu muko nini?"

Mume wangu alisimama kunitetea, wazee wakamwashiria akae. Nilijua yanayofuata. Wangenirudisha kwetu na mimba yangu na jina la mchawi, na jina hilo lingefika kabla yangu.

Gardi alikuwa amekaa nyuma na wanaume. Alisimama, akavua kofia.

"Ndani ya chungu muko maji," alisema. "Mi njo nilimuambia achemshe. Kama ni mulozi, basi mulozi ni mi."

Akamwendea mama mkwe, akachuchumaa mbele yake, na sauti yake ikawa ile ya wagonjwa.

"Mama, nakuomba kitu moja. Kesho tutembee, mi na we. Tutaingia kila nyumba ya muntu mwenye macho ya manjano, na kila nyumba haina mugonjwa. We njo utauliza. Mi sitafungua kinywa. Utauliza hivi tu: munachota wapi? Tukimaliza, useme mbele ya wazee kile umeona."

Walitembea siku mbili. Mama mkwe wangu, mjane aliyetoka kumzika binti yake, kichwa kimenyolewa, aliuliza swali hilo hilo mlango kwa mlango, na Gardi nyuma yake amefunga mdomo kweli. Waliochota bombani walikuwa na wagonjwa. Waliochota ziwani au kwenye kisima cha juu hawakuwa nao. Palikuwa na nyumba moja tu iliyoharibu hesabu: mzee mmoja wa kisima cha juu, aliyekuwa wa manjano kama wengine na aliyeapa kwamba hajawahi kuonja maji ya bomba.

Jioni ya siku ya pili mama mkwe aliingia jikoni nilipokuwa, akakaa juu ya gogo, akanyoosha miguu yake iliyovimba. Kisha akasogeza mtungi wake mwenyewe kwa mguu mpaka ukagusa jiko langu.

"Chemsha na yangu," akasema.

Kesho yake aliwaambia wazee, kwa maneno machache kuliko aliyoyatumia kunishtaki, kwamba binti yake aliuawa na maji.

Tulipanda kampini tukiwa wanawake kumi na zaidi, Gardi mbele, mama mkwe pembeni yake. Injinia, Mzungu kijana mwenye masikio yaliyoungua jua, alitupokea barazani. Hakuwa mtu mbaya. Alijivunia mashimo yake kama mtu anavyojivunia nyumba aliyoijenga kwa mikono. Alisema kwa Kiswahili chake cha kazini kwamba maji yake yameoshwa, dawa imeua mikrobi yote, na kwamba hata Ulaya wanafanya hivyo. Kwa kuonyesha, akaelekeza kidole kwenye chujio lake la kunywea lililosimama mezani, lile la udongo mweupe ndani ya chuma.

"Naomba chumvi, Bwana," alisema Gardi.

Mpishi akaleta. Gardi alichanganya chumvi ndani ya maji ya matope, akamimina juu ya chujio, tukasubiri. Chini yalidondoka maji meupe. Akajaza glasi, akampa injinia.

Injinia akaonja, akakunja uso. "Chumvi."

"Matope imebaki. Chumvi imepita," alisema Gardi. "Sisemi huu ugonjwa ni chumvi, Bwana. Chumvi na mududu si kitu moja. Lakini kwa masomo yetu walituambia kuko vitu bidogo kupita mikrobi, wanaviita virusi. Vinapita fasi mikrobi inashikwa. Na dawa yako, kama uchafu uko mwingi, inaisha kabla ya kazi."

"Nani amesema virusi ya manjano iko ndani ya maji? Kitabu gani?"

"Kitabu sijakiona. Hata hicho kitu sijakiona, na sijui jina yake. Nimeona manyumba. Na huyu mama ameyaona."

Mama mkwe alisema, "Nimeyaona."

Injinia aliweka glasi mezani taratibu. Akasema ataandika barua. Aliiandika, lakini iliyofika kwanza ilikuwa ya kumlalamikia Gardi kwa kuleta fujo, na Gardi akanyang'anywa baiskeli na kuambiwa akae nyumbani mpaka muganga wa Uvira aje kuchunguza.

Hakukaa. Alitembea kwa miguu. Na hapo ndipo wanawake wa mtaa wetu walipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilisema kifua changu kinajaa. Kuni ndizo zilizokuwa taabu. Hakuna mwanamke mmoja aliyeweza kuchemsha maji ya nyumba nzima kila siku. Mama mkwe akakusanya masufuria yote makubwa ya misibani, akayapanga nyuma ya nyumba yetu, akatugawia zamu. Wavuvi walituletea miti iliyotupwa na ziwa. Kila nyumba ilileta mtungi wake asubuhi na kuuchukua mchana. Gardi alipita akiangalia mapovu. "Bado! Inaanza kuimba tu. Ngoja icheze!"

Wiki ya kwanza wagonjwa wapya wakaongezeka. Wiki ya pili pia. Watu wakaanza kutucheka, wengine wakavunja zamu.

"Nilibaambia itachelewa," Gardi alisema. "Muntu aliyekunywa mwezi ulipita ameshakunywa. Ugonjwa uko ndani yake unangoja. Musiache."

Alikonda siku zile. Najua aliogopa, kwa sababu mke wake aliniambia kwamba amemkuta akihesabu majina ya wagonjwa kwa vidole, kimya, kama anayesali. Lakini mbele yetu hakutetereka. Wiki ya tano aliugua mtu mmoja. Ya sita, wawili. Kisha siku zikapita, tukawa tunaogopa kulisema, na hakuna aliyeugua tena.

Muganga wa Uvira alipofika, mzee mrefu wa maneno machache, alikaa na Gardi chini ya veranda ya zahanati. Mimi na mama mkwe tuliitwa kama mashahidi. Muganga alifuata kwa kidole majina yote kwenye karatasi ya Gardi, akasimama kwenye mzee wa kisima cha juu.

"Na huyu? Hakunywa ya bomba. Kwa nini ni mgonjwa?"

Angeweza kutunga jibu. Mimi ningelitunga. Kazi yake yote ilikuwa juu ya jibu lile.

"Huyu simujui, Muganga," alisema Gardi. "Nimemuuliza mara ine. Sijui."

Muganga akafunga karatasi. "Wengi wangemfuta huyu," akasema. "Nakuamini kwa sababu umemwacha."

Bomba lilihamishwa mbali na kijito, likachimbiwa shimo la kufyonza maji mahali ambapo hakuna anayechota. Baiskeli ilirudishwa, bado haina breki. Tukaambiwa tuendelee kuchemsha, jambo ambalo hatukuhitaji kuambiwa. Na mimi nilijifungua msichana mwenye macho meupe, meupe kabisa, mama mkwe ndiye aliyempokea. Tulimpa jina la wifi yangu.

Mwisho kabisa nilimwona Gardi mjini Fizi, miaka ile ya hamsini ikielekea kuisha. Alikuwa amehamishwa huko. Nilipanda na lori la samaki, na kabla sijauza hata fungu moja nikasikia yuko nyuma ya zahanati na wanawake wa vijiji vya jirani. Nilimkuta amekaa juu ya kiti, mguu mmoja umenyooshwa, magoti yamevimba. Nywele zote nyeupe. Aliponiona hakunisalimu hata.

"Huyu njo ule nilibaambia," aliwaambia wanawake. "Mi nimechoka kusema. Bamama, mumusikilize."

Nilitaka kukimbia. Nilikuwa nanuka ndagala na sikuwahi kusema mbele ya watu wasio wa kwetu. Lakini walikuwa wamekwisha kunigeukia. Basi nikasema. Nilianza Kiswahili, nikaingia Kibembe bila kujua. Niliwaambia habari za wifi yangu, za kamba ya nyavu tuliyopimia matumbo, za mama mkwe na miguu yake mlango kwa mlango. Niliwaambia kuhusu wiki zile ambazo tulichemsha na watu wakaendelea kuugua. Mwanamke mmoja akaniuliza kama ugonjwa wa kupooza miguu ya watoto nao unapita majini. Nilimgeukia Gardi anisaidie. Alikuwa anatazama milima.

"Sijui," nikamwambia yule mwanamke. "Nitauliza, nitakuambia."

Walipoondoka Gardi alinyanyuka kwa shida, akanishika bega.

"Kilembwe kuko macho ya manjano," alisema. "Juzi walinituma. Ni mwendo wa siku mbili, na haya magoti imekataa."

"Sasa utamutuma nani, Baba?"

"Nimeshabaambia watu wa buro ya afya. Nimebaambia kuko mwalimu mumoja wa Baraka, ameona kwa macho yake."

Nilimtazama, nikadhani anamaanisha mwanamume fulani wa shule. Akaanza kucheka, kicheko kile cha wavuvi walipomdanganya ziwani, mpaka akakohoa.

"Jina yako waliandika vibaya," akasema. "Ukifika, uwaambie wasahihishe."

Niliuza samaki wangu wote kabla ya saa sita, kwa bei ya hasara, nikampelekea mume wangu habari kwa dereva wa lori. Alfajiri iliyofuata nilifunga kanga kiunoni nikaenda Kilembwe, na jambo la kwanza nililofanya pale, kabla ya kuweka mzigo chini, ni kumwambia karani jinsi jina langu linavyoandikwa.